Kuwahi Namba, Kukinga Maji

Neno lililoninyima usingizi mwishoni mwa mwaka jana ni kuwahi. Mwalimu mkuu wa shule ninayojitolea kufundisha, huku Mbezi, aliniambia niandike rasimu ya maadili na malengo ya shule kwa mwaka mpya, kwa maelezo kwamba mimi ndiye mwenye kompyuta na ndiye niliyetoka chuoni juzi. Usafi niliuandika bila shida. Ukweli vilevile, na bidii, na heshima. Nilipofika kwenye kuwahi nikakwama, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa ameshanitajia na njia ya kulitimiza lengo hilo: turudishe namba, kama zamani, kila mtoto apewe namba yake getini kwa kadiri anavyofika, na wa mwisho wajue kwamba wao ni wa mwisho. Walimu wenzangu walilipenda wazo hilo. Mimi nililitetea kichwani, nikalipinga, nikajilaumu kwamba nakuza jambo dogo, kisha nikaanza upya. Mwalimu wa kujitolea hana sauti kubwa kwenye kikao, na nafasi za ajira zikitoka, mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa habari zangu.

Likizo ile ya mwisho wa mwaka ukuta wa ofisi ya shule yetu hii ulikuwa unapakwa rangi. Harufu ya rangi ya mafuta ni kali, inakaa kooni hata ukishaondoka, na kila nilipopita pale ilinirudisha kwenye Januari moja nikiwa darasa la sita. Shule yetu ilikuwa ya madarasa ya juu peke yake, kuanzia la tano; wadogo walibaki kwenye majengo ya zamani ng'ambo ya barabara, nasi tukajiona watu wazima kwa sababu tu hatukusikia tena vilio vya chekechea. Januari hiyo tulifungua shule tukakuta ukuta wa ofisi umepakwa rangi ya maziwa, bado unanata, na juu yake fundi ameandika maneno manne kwa herufi za buluu ndefu kama mtoto wa darasa la tano: KUWAHI. USAFI. UKWELI. KUSAIDIANA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Lengo la mwaka huu, shule isiyo na mchelewaji.

Aliyeyaandikisha alikuwa mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Ngonyani, mama mrefu kutoka Songea aliyetembea polepole na kusema polepole, kiasi kwamba hata akikuadhibu ulikuwa na muda wa kutosha wa kuielewa adhabu yako. Siku ya kwanza paredini alituamuru tuyasome maneno yale kwa sauti, mara kwa mara, mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye bati. Nyuma yangu Shabani, ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite bila kulisemea, alinong'ona, "Mbona kula hawajaweka?" Mstari mzima ulicheka na mstari mzima uliambiwa upige magoti. Hivyo ndivyo tulivyoanza mwaka.

Kwa asiyejua namba zile zilivyokuwa, nieleze. Kila darasa lilikuwa na kiranja wa namba. Yeye alifika kabla ya wenzake wote, akasimama pembeni ya geti, na kila mwanafunzi wa darasa lake alipoingia alimtamkia namba yake: moja, mbili, tatu, hadi wa mwisho. Paredini mwalimu wa zamu aliita wenye namba za mbele wapigiwe makofi, kisha akaita wa nyuma, na wale walikwenda kung'oa majani kuzunguka vyoo wakati wenzao wanaanza hesabu. Kengele haikuwa na maana kubwa. Ungeweza kufika mapema kabisa, jua bado halijatokeza, na bado ukawa wa mwisho, kwa sababu wengine wote walifika mapema zaidi yako. Jambo hili lilinisumbua tangu utotoni. Nilimuuliza baba itakuwaje ikiwa sote tutawahi, nani ataitwa mchelewaji, naye akanijibu nimalize chai yangu niondoke.

Tulianza kushindana na alfajiri. Wiki za mwanzo tuliondoka nyumbani kukiwa na mwanga, kisha kukiwa na mwanga kidogo, kisha tukawa tunatembea kwa kushikana mikono, tukiimba ili mbwa wa watu watujue. Kiranja wa namba wa darasa letu alikuwa Shabani mwenyewe. Aliteuliwa, nadhani, ili apunguze maneno, lakini cheo kilimwongezea. Alitoa namba kama kondakta anayeita abiria. "Namba tano, ingia ndani, songa, usizibe mlango! Namba sita, huo uso umeuosha au umeupungia tu maji?"

Kisha kulikuwa na suala la maji. Usafi, neno la pili ukutani, ulimaanisha kila mwanafunzi aje na kidumu kilichojaa, kwa ajili ya vyoo na maua, kwa kuwa shule haikuwa na bomba. Asiye na kidumu hakupewa namba hata akifika wa kwanza. Na mtaa wetu ulikuwa mlimani. Tulikuwa na mabomba, karibu kila nyumba, lakini maji ya mgao yalipofunguliwa alfajiri hayakuwa na nguvu ya kupanda. Mabomba yetu yalikohoa upepo, yakanyamaza. Bomba lililotoa maji kweli lilikuwa moja, bondeni, nyumbani kwa Mama Zuhura. Ungesikia adhana inaisha, kimya kidogo, halafu mlio wa ndoo na madumu vikishuka mteremko. Mpaka leo nikisikia dumu tupu likigonga jiwe nahisi baridi ya saa zile miguuni, na harufu ya udongo uliolowa kuzunguka bomba lile, na ya sabuni ya mche aliyofulia Mama Zuhura mashuka tangu usiku.

Mama Zuhura alikuwa mtu wa Lindi, mpole, asiyemtoza mtu chochote kwa maji yake. Alikuwa na utaratibu mmoja tu usiovunjwa: wageni kwanza. Watoto wa wenzake wakinge, wajaze, waondoke, na wa kwake akinge mwisho. Kwake lilikuwa jambo la heshima kama kumkaribisha mtu kiti. Na Zuhura hakuwa na kidumu kimoja cha shule tu. Alikuwa na mapipa mawili ya nyumbani ya kujaza kabla maji hayajakatwa, kwa sababu mama yake alikaanga mihogo na chapati za kuuza njia panda na hakuweza kuacha jiko. Kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Sie tulijaza vidumu vyetu, tukapanda mlima mbio kwenda kupigiwa makofi kwa kuwahi na kwa usafi, na mwenye bomba alibaki na ndoo yake. Alifika shuleni wa mwisho, au karibu na mwisho, akaelekea kwenye majani ya vyooni bila kuitwa.

Zuhura alitaka kuwa dada mkuu. Hakuna aliyekuwa hajui. Wasichana wengine walitaka vitu vingi kwa zamu, uuguzi, urubani, kuolewa na mwanamuziki. Yeye alitaka jambo hilo moja, tena mwaka huohuo, kwa sababu viongozi wapya walichaguliwa kutoka darasa letu kabla ya Pasaka, na dada mkuu ndiye aliyeongoza paredi. Alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Pale bombani alitupanga foleni akafanya mazoezi juu ya ndoo zetu. "Ndoo, mguu sawa!" Tukazisogeza zikakaa kwenye mstari mmoja. "Ndoo, mguu pande! We dumu la njano, unacheka nini?" Mama yake alicheka kutoka jikoni mpaka akakohoa na moshi. Hata watu wazima waliokuja na mapipa yao walitii. Nilimwona mzee mmoja, jirani yetu mwenye ukali unaojulikana, akirekebisha ndoo yake kwa mguu ili isitoke nje ya mstari.

Kisha, katikati ya muhula, Mwalimu Ngonyani alitangaza paredini kwamba viongozi wapya watatoka miongoni mwa wenye namba nzuri, kwa kuwa kiongozi asiyeweza kuwahi hawezi kuwataka wenzake wawahi. Alisema kwa upole, kama mtu anayesoma utabiri wa mvua. Nilimtazama Zuhura. Alikuwa mstari wa wasichana, mikono nyuma, na mguu wake mmoja ulikuwa unakoroga mchanga polepole. Kesho yake ndoo hazikupangwa.

Sitaki kusema kwamba tulielewa yote mara moja. Tulikuwa watoto, na kila mmoja alikuwa na namba yake ya kulinda. Lakini foleni isiyo na amri ilikuwa nzito, watu walikanyagana, na Shabani ndiye aliyeanza. Alimfuata Mama Zuhura jikoni, nasi tukamfuata yeye.

"Shikamoo mama. Tunaomba Zuhura akinge wa kwanza."

"Marahaba. Wa kwanza kwa nini?"

"Awahi namba. Asipowahi hawi dada mkuu."

Mama Zuhura aliifuta mikono yake kwenye khanga. "Na nyie?"

"Sie tutasubiri."

"Mie nimsimamishe mtoto wa mwenzangu na ndoo tupu nyumbani kwangu, wangu anakinga? Mama yako akinisalimia kesho nitaitikia kwa uso gani?" Alitikisa kichwa. "Hapana, baba. Kingeni muende. Yeye yuko nyumbani kwao."

Hakukasirika. Zuhura mwenyewe ndiye aliyetuambia, "Nendeni tu, mama ameshasema." Ndipo Shabani akakigeuza kidumu chake kilichojaa juu chini, akakikalia. "Haya, tumekinga," alisema. "Tunapumzika."

Tulipumzika wote wa mtaa ule waliokuwa darasa la sita. Tulipumzika mpaka mapipa yalipojaa, tukasaidia kubeba ndoo ndani, Shabani akakinga upya, na jua lilikuwa limeshafika kwenye kuta tulipoupanda mlima pamoja naye. Nilikuwa na hesabu yangu ya namba nzuri, niliyoijenga kwa kuamka na majogoo, na niliiona inamwagika mbele ya macho yangu kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa ameniomba.

Ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba kiranja wa namba tulikuwa naye sisi. Tulipofika getini tukakuta nusu nyingine ya darasa, watoto wa upande wa barabarani, wamesimama nje wanagombana. Bila Shabani hakukuwa na namba, na bila namba hawakujua waingieje. Mmoja alidai ndiye wa kwanza, mwingine akasema alimkuta lakini yule alikuwa amekaa, na aliyekaa hahesabiwi. Gladness, msichana aliyeishi mkabala na shule na ambaye alikuwa namba moja karibu kila siku, alikuwa analia kabisa. Mwalimu Ngonyani alikuwa katikati yao.

"Kiranja wa namba ulikuwa wapi?"

"Bombani, mwalimu."

"Mpaka saa hizi?"

"Tulikuwa tunamsubiri Zuhura."

"Zuhura ana nini cha kusubiriwa na darasa zima?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Shabani akitafuta neno. "Maji yetu yote haya ni yake, mwalimu," alisema, akanyanyua kidumu. "Anakinga wa mwisho ili sie tuwahi."

Mwalimu Ngonyani alivitazama vidumu vyetu kimoja kimoja. Nilidhani atatusifu, niliutazama ukuta nyuma yake, neno la nne, nikamwombea aligeukie. Alisema, "Kusaidiana ni kuzuri. Na shule imeanza bila nyinyi." Tukaenda kwenye majani, sisi wote wa mtaa wa mlimani, na kulikuwa na watu wengi kuliko majani. Zuhura alichuchumaa kando yangu. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua uso, "Majani, mguu sawa," na tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akatuongezea eneo.

Ingekuwa hadithi nzuri kama tungeendelea kumsubiri. Tulimsubiri siku chache. Kisha wazazi wakasikia. Baba aliniambia kwamba ninapokwenda shule nakwenda kwa ajili yangu, na kwamba Zuhura ana mama yake. Wengine waliambiwa vivyo hivyo kwa maneno mengine. Foleni ikarudi ilivyokuwa. Shabani akarudi getini, ingawa alipotamka namba ya Zuhura hakuongeza utani.

Asubuhi moja Mwalimu Ngonyani alishuka mteremko wetu. Tulikuwa kwenye foleni, giza bado, tukaona kitenge kirefu kinakuja polepole kati ya migomba. Salamu zilipita, na Mama Zuhura, aliyedhani amekuja kwa shida kama ya wote, alitazama mikono yake mitupu akasema, "Mwalimu, na wewe umekuja bila ndoo? Zuhura, mletee mwalimu ndoo." Akawekewa kigoda. Akakaa pale, ndoo tupu miguuni, akitazama watoto wake wa shule wakijaza na kuondoka mbio mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwamkia bila kumtazama, mpaka akabaki Zuhura. Mimi nilichelewesha kufunga kidumu changu ili nione. Mwalimu aliuliza, "Kila siku ni hivi?" Zuhura akajibu, "Maji yakitoka, mwalimu." Kisha mwalimu alisimama, akaisogeza ndoo yake pembeni ili isiwe mbele ya ile ya Zuhura, akaaga.

Wiki hiyo alitangaza kwamba vidumu havitaletwa tena asubuhi. Kila mwanafunzi ataleta maji anaporudi baada ya chakula cha mchana. Makofi yalipigwa. Lakini mapipa ya nyumbani kwa Zuhura hayakuwa ya shule na hayakutangazwa popote, namba ziliendelea, na majina ya viongozi yalikuwa yameshapitishwa. Gladness akawa dada mkuu. Alikuwa dada mkuu mzuri, sina la kumsema. Sauti yake tu ilikuwa ndogo, na watu wa mstari wa nyuma hawakumsikia.

Nimejaribu mara nyingi kuamua kama Mwalimu Ngonyani alikosea, na sifiki. Aliandika maneno manne mazuri, akayaamini, na alipoona mawili yanagongana akaamka alfajiri akaja kutazama kwa macho yake. Siwajui walimu wengi waliofanya hivyo. Alichelewa, basi. Leo mtaa ule una maji mchana kutwa, bonde limejengwa maghorofa, na watoto wa umri wetu wa wakati ule wanapelekwa na gari la shule linalopiga honi getini. Lakini shule ninayofundisha iko mbele zaidi ya mtaa ule, kule lami inakoishia, na kule watoto bado wana asubuhi ndefu ambazo hakuna anayeziona.

Nilimpigia simu Zuhura. Anaishi Temeke na mume na mtoto, ana saluni. Nilimweleza habari ya rasimu na namba. Alicheka. "We bado unawaza yale? Mie nilishasahau zamani." Nikasikia anazima mashine ya kukaushia nywele. "Ila kuongoza paredi ningeweza, bwana. Ningeweza vizuri sana." Kisha akaiwasha mashine tena.

Niliandika rasimu siku hiyohiyo. Kuwahi nililiacha libaki, kwa sababu watoto wakifika wamechelewa kweli wanakosa somo, na hilo si jambo la kupuuza. Namba sikuziandika. Mahali pake niliandika kwamba mwaka huu hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa kwa kuchelewa kabla mwalimu wake wa darasa hajafika nyumbani kwao na kujua asubuhi yake ikoje. Kwenye kikao cha kufungua shule niliisoma mbele ya wote. Mwenzangu mmoja aliguna, "Tena tugeuke wajumbe wa nyumba kumi?" na watu wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Aliisoma tena mwenyewe, akanitazama juu ya miwani. Alisema hawezi kuwalazimisha walimu, na kwamba mwenye wazo aanze nalo, kisha tutaona kama namba zinahitajika au la.

Nilianza siku hiyohiyo baada ya vipindi, na mvulana wa darasa langu ambaye tangu mwaka jana hajafika hata mara moja kabla ya paredi kuisha. Kwao ni nyumba ya matofali isiyopigwa lipu, mwisho wa njia ya mchanga. Nilibisha hodi. Bibi yake alitoka, akaniona, akashika mlango.

"Amefanya nini?"

"Shikamoo bibi. Hajafanya kitu. Nimekuja kuuliza tu asubuhi yenu hapa inakuwaje."

Alinitazama muda mrefu, kama anayesubiri nimalizie. Kisha akakunjua mkeka barazani.

"Marahaba. Basi kaa, mwalimu," alisema. "Hiyo haisimuliwi mtu amesimama."

Nikavua viatu, nikakaa.